Mbwa wangu amekufa baada ya oparesheni, je mimi ndio nimemuua?

"Daktari habari za kazi. Nina jambo linaninyima usingizi. Nilikuwa na mbwa jike anaitwa Popi, miaka minne, wa kienyeji mchanganyiko, kilo kama 20 hivi, mzima kabisa. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwenyewe kufungwa kizazi maana kila akiwa kwenye joto madume ya mtaa mzima yanalala getini kwangu. Alifanyiwa saa tano asubuhi, saa tisa mchana wakanipigia simu nikamchukue, alikuwa hawezi hata kusimama wakasema ni dawa ya usingizi bado haijaisha. Saa mbili usiku akawa anatetemeka, fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, maji hataki. Nikamfunika na kanga nikamwacha apumzike. Saa kumi alfajiri nikamkuta amekufa. Daktari akasema mwili wake ulikataa nusu kaputi, inatokea. Tumemzika siku hiyohiyo. Sasa najiuliza, ile usiku wa kuamkia oparesheni mwanangu wa miaka saba alimpa kipande cha chapati kama saa tatu hivi na tuliambiwa asile, je ndio kilichomuua? Au ni mimi niliyelala? Mama mkwe ananiambia niache kulilia mbwa kama mtu. Mtoto anauliza Popi anarudi lini, nimemwambia bado amelala kwa daktari. Na nina dume, Jimi, alikuwa apelekwe mwezi ujao. Nisaidie."

Pole sana dada yangu. Meseji yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona kuna maswali matatu umeyafunga kwenye fundo moja: nini kilimuua Popi, nani wa kulaumiwa, na haya maumivu nayapeleka wapi. Yakikaa pamoja hivyo usiku wa manane jibu linakuwa moja tu, ni mimi. Kwa hiyo tuyafungue moja moja.

Tuanze na chapati maana hiyo ni rahisi. Tunaposema mbwa asile kabla ya nusu kaputi sababu ni moja, akiwa amelala koo linalegea na ile kinga ya kufunga njia ya hewa inakuwa haifanyi kazi, sasa akitapika chakula kinaweza kushuka kwenye mapafu. Kwa mbwa mkubwa tunataka tumbo lisiwe na kitu kwa masaa nane hadi kumi na mbili. Saa tatu usiku mpaka saa tano asubuhi ni masaa kumi na nne, chapati ilishamezwa ikasagwa ikapita. Na hata ingekuwa bado ipo, mbwa aliyevuta matapishi kwenye mapafu anakohoa, anahema kwa shida, kifua kinakoroma, na wewe hukuniandikia chochote cha namna hiyo. Chapati haimo kabisa kwenye hii habari.

Ila kuna mtu mwingine nyumbani anayehitaji kusikia hilo kuliko wewe. Mtoto wa miaka saba anajua alimpa Popi chapati, anajua mama alisema asile, na anaona Popi hajarudi. Watoto wa umri huo wana tabia ya kujihesabia makosa kimyakimya, hawasemi, utaona tu ameanza kukojoa kitandani au kuwa mkali bila sababu. Usisubiri akuulize. Mwambie wewe mwenyewe, tena kwa maneno hayohayo, chapati yako haikumdhuru Popi, daktari amesema.

Sasa hili la "mwili ulikataa nusu kaputi". Hii kauli naisikia sana, na kiukweli inanikera kwa sababu inafunga mjadala bila kueleza kitu. Kukataliwa na dawa kupo, ni mzio mkali, lakini huo unakuja haraka, dakika chache baada ya sindano, mara nyingi ndani ya saa moja, uso unavimba, presha inaporomoka, mbwa anaanguka palepale mezani. Popi amekufa masaa kumi na saba baada ya oparesheni. Mzio wa sindano ya saa tano asubuhi haungoji saa kumi alfajiri.

Ulichoniandikia wewe, fizi nyeupe, kutetemeka, kukosa nguvu na kuzidi kudhoofika taratibu, kinanielekeza kwenye damu kuvuja ndani ya tumbo. Nasema kinanielekeza, siwezi kuhukumu kwa meseji, ila ngoja nikueleze inavyotokea uone kwa nini.

Kumfunga kizazi mbwa jike maana yake ni kufungua tumbo na kutoa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kila ovari ina mshipa wake wa damu unaotoka moja kwa moja kwenye ule mshipa mkuu wa mgongoni, kwa hiyo si mshipa wa mchezo. Daktari anaufunga kwa uzi halafu ndio anakata. Mbwa mwenye umri kidogo na mafuta tumboni ule uzi unakamata mafuta badala ya mshipa wenyewe, unaweza kuteleza baadaye. Na kuna kitu kingine watu wengi hawakijui, wakati mbwa amelala presha yake iko chini, kwa hiyo fundo lililolegea linaweza lisivuje hata tone na daktari akaangalia akaona pakavu akashona. Mbwa anapoanza kuamka presha inapanda, ndipo linaanza kuvuja. Mbwa wa kilo 20 ana damu isiyofika lita mbili mwili mzima. Ikitoka theluthi ikajaa tumboni huoni kitu kwa nje, kidonda kiko safi, bandeji kavu, lakini mwili unanyima damu ngozi na fizi ili upeleke kwenye moyo na ubongo, ndio maana fizi zinakuwa nyeupe na mbwa anakuwa wa baridi. Anashikilia hivyo masaa kadhaa kisha anaishiwa.

Usikimbilie kusema basi daktari hakufunga vizuri. Inawezekana, na inaweza pia kuwa kupe.

Ndio, kupe. Wale wa kahawia wanaoganda masikioni na katikati ya vidole vya mbwa zetu hapa Dar wanaambukiza ugonjwa unaitwa erlikia, watu wanauita tu homa ya kupe. Mbwa anaugua kidogo, anapona au anaonekana kapona, kisha vijidudu vinabaki mwilini miezi hata miaka, anakula, anabweka, anakimbiza bodaboda, mzima kabisa kama ulivyosema. Kumbe chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimepungua. Maisha ya kawaida hazimsumbui, siku akikatwa kisu ndio zinahitajika zote na hazipo. Hapo hata fundi bora anaweza kufunga kila mshipa sawasawa na damu ikachuruzika kwenye kila sehemu iliyoguswa. Kwa nje hayo mawili, uzi ulioteleza na damu isiyoganda, yanafanana kabisa. Kinachotofautisha ni kipimo cha damu kabla ya oparesheni na kupasua maiti baada ya kifo.

Na kuna vifo ambavyo hakuna aliyekosea. Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2008, mbwa zaidi ya 98,000 waliopewa dawa ya usingizi walifuatiliwa, na waliokufa walikuwa asilimia 0.17, kwa mbwa wazima wasio na ugonjwa ilikuwa asilimia 0.05, yaani kama mmoja kati ya elfu mbili. Hao ni mbwa wa kliniki zenye mitambo. Kilichonigusa kwenye ule utafiti ni kwamba karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya oparesheni kuisha, wengi ndani ya masaa matatu ya kwanza. Kwa maneno mengine pale watu wanapovua glavu wanaanza kuongea habari za mpira ndipo mnyama anahitaji macho zaidi. Na hili nitalisema bila kuzunguka: mbwa asiyeweza kusimama hatakiwi kuruhusiwa kwenda nyumbani bila mwenye mbwa kuelezwa cha kuangalia na kupewa namba ya simu inayopokelewa usiku. Popi saa tisa alikuwa bado hajasimama. Kama hukuambiwa kuhusu fizi, hukuambiwa kuhusu baridi, hukupewa namba, hilo ni pungufu lao hata kama mshipa ulifungwa vizuri.

Hapo ndipo tunafika kwenye kanga, na najua ndicho kitu kinachokuamsha usiku. Ungeniuliza je ningemrudisha saa mbili usiku angepona? Sitakudanganya, huenda. Mbwa anayevuja ndani akifunguliwa tena mapema, akapewa dripu na damu ikipatikana, wengine wanapona. Wengine wanafia palepale mezani mara ya pili. Lakini angalia ulikuwa unajua nini saa mbili usiku. Uliambiwa ni dawa ya usingizi bado haijaisha. Dawa zinazotumika sana kwetu, zailazini na ketamini, kweli zinamfanya mbwa alegee kwa masaa, zinashusha joto la mwili, na zailazini inapunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo mbwa kulegea na kutetemeka jioni ile kulifanana kabisa na ulichoambiwa utegemee. Ulichofanya ni kutii maelekezo ya mtu aliyesoma hiyo kazi. Leo unajua fizi nyeupe maana yake nini kwa sababu mimi nimekwambia leo, na akili inakuchezea inakuhukumu ya Jumamosi kwa elimu ya leo. Ulimwona anatetemeka ukamfunika. Asiyejali angemwacha nje.

Na uamuzi wenyewe wa kumfunga kizazi haukuwa wa kipumbavu, usikubali mtu akwambie ungemwacha tu na maumbile yake. Jike asiyefungwa anaweza kupata usaha kwenye kizazi. Uswidi, ambako zamani mbwa wengi walikuwa hawafungwi, ilionekana karibu mmoja kati ya wanne alikuwa ameshaupata kabla ya kufika miaka kumi, na huo unaua, tena unahitaji oparesheni ileile kwenye mwili ulioshachoka. Ongeza vimbe za matiti, ongeza zile vimbe za sehemu za siri wanazoambukizana mbwa kwa kupandana mitaani, ongeza watoto sita sita wanaotupwa mtaroni. Ulipima faida na hatari ukachagua kama ambavyo ningekushauri. Matokeo yamekuwa mabaya ila uamuzi ulikuwa mzuri, na hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Kuhusu kujua ukweli, kwa Popi njia ya uhakika imeshapita, tafadhali usimfukue. Kwa joto letu na unyevu wa udongo baada ya siku kadhaa hakuna cha maana kitakachoonekana, utajiongezea tu picha mbaya kichwani. Ila wengine wanaosoma hapa washike hili: mnyama akifa baada ya oparesheni na unataka sababu, usizike haraka na usimweke kwenye friza, barafu inaharibu nyama. Mfunge kwenye plastiki, muweke kwenye baridi ya kawaida au barafu pembeni, na afikishwe kupasuliwa ndani ya siku moja, na daktari ambaye si yule aliyemfanyia. Kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, kuna Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, walioko Nairobi wana maabara za mifugo za Kabete. Piga simu kwanza uulize wanapokea saa ngapi na ni shilingi ngapi.

Kwako bado kuna mlango mwingine, maandishi. Rudi pale kliniki, usiende peke yako na usiende siku una hasira imepanda, nenda na mtu mtulivu. Omba kuona rekodi ya Popi. Walimpima uzito au walikadiria kwa macho? Dawa gani, mililita ngapi? Alipimwa damu? Nani alikaa naye kati ya saa tano na saa tisa, na je fizi na joto viliangaliwa kabla hujaitwa? Aliyeshika kisu ni daktari aliyesajiliwa au msaidizi? Uliza kama mtu anayetaka kuelewa. Daktari mwenye dhamiri atakaa chini akueleze hata kama inamuuma, na nakuhakikishia inawauma, wengi wetu tunakaa kimya kwa woga na ule ukimya ndio unaowageuza wateja kuwa maadui. Akikataa kabisa au ukaambiwa hakuna rekodi yoyote, hilo lenyewe ni jibu.

Ukiona kuna uzembe, pa kupeleka malalamiko ni Baraza la Veterinari, lipo kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, ndilo linalosajili madaktari wa wanyama na linaweza kuwachukulia hatua za kitaaluma. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni bodi yao ya veterinari. Andika barua fupi, tarehe, saa, nani alisema nini, weka na risiti. Usitegemee hela nyingi, kisheria mbwa anahesabiwa kama mali na bei ya mbwa wa kienyeji wanaijua. Unachoweza kupata ni kliniki kulazimika kubadilisha inavyofanya kazi. Na kabla ya hapo usimwage jina la mtu kwenye magrupu ya WhatsApp, hujui bado kama ni uzi au ni kupe, na ukikosea anayeishia polisi ni wewe.

Mama mkwe wako sasa. Simlaumu, kakulia mahali mbwa analala nje anakula makombo na kazi yake ni kubweka. Lakini kumbuka mbwa ndiye anayekusikia kwanza unapofika getini, kila siku, miaka minne, mwili wako ulishazoea ile sauti na bado unaisubiri, ndio maana jioni ndio panakuwa pagumu. Tatizo la kufiwa na mnyama ni kwamba ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kukaa na wewe, hakuna rambirambi, kazini huwezi kuomba ruhusa, kwa hiyo unalia chooni na kusema ni mafua. Huhitaji kushindana na mama mkwe wala kumshawishi. Tafuta mtu mmoja tu anayemjua Popi, jirani, dada wa kazi aliyekuwa anampikia, ongea naye, cheka hata yale ya kuiba samaki. Mmoja anatosha.

Halafu hatia. Nimewaona wenye wanyama wengi wanaing'ang'ania, na nadhani najua kwa nini. Ukisema ni kosa langu angalau dunia inaeleweka, maana mara nyingine utafanya tofauti na halitatokea. Kukubali kwamba ulifanya sawa na bado amekufa kunatisha zaidi. Kwa hiyo ikija usiku, usibishane nayo, washa taa uandike kile ulichokuwa unakijua saa ile, saa tisa niliambiwa hivi, saa mbili niliona hivi nikafanya hivi. Kwenye karatasi inakuwa ndogo kuliko ilivyokuwa gizani.

Mtoto umwambie ukweli leo, usipitishe wiki. Tumia neno amekufa. "Bado amelala kwa daktari" ni maneno mabaya sana kwa mtoto, siku moja na yeye ataumwa, ataambiwa tunakupeleka hospitali utalala kidogo, utaona atakavyopiga kelele. Mwambie Popi alifanyiwa oparesheni, ndani ya mwili wake kukatokea tatizo kubwa, mwili ukaacha kufanya kazi, amekufa, tumemzika pale, harudi. Atauliza mara kumi, mjibu mara kumi vilevile. Akitaka kupeleka maua au hata chapati pale alipozikwa mwache.

Kulia wiki kadhaa, kusahausahau, kusikia kama anakwaruza mlango, hayo yote ni ya kawaida. Lakini kama zaidi ya wiki mbili hulali kabisa, huli, umeshindwa kazi au kumhudumia mtoto, au hiki kifo kimeamsha cha mtu mwingine ambacho hukuwahi kukilia, nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili ana kwa ana, Muhimbili wapo, hata hospitali ya wilaya uliza watakuelekeza. Na kama yanakuja mawazo kwamba bora na wewe ufe, hiyo haingoji wiki, unaenda leo na mtu wa kukusindikiza. Huna haja ya kuona aibu kusema chanzo ni mbwa, wanaojua kazi yao hawatacheka.

Jimi usimpeleke mwezi ujao. Si kwa sababu ni hatari, dume hafunguliwi tumbo, oparesheni yake ni nyepesi zaidi kuliko ya jike, ila wewe bado hujawa sawa na hakuna haraka. Mwangalie tu asije naye akawa haeleweki, mbwa waliozoeana mmoja akiondoka aliyebaki anaweza kupunguza kula siku kadhaa, zikizidi siku mbili hajala kabisa apimwe. Amekaa nyumba moja na Popi, kupe wao ni walewale, kwa hiyo anza na hilo sasa hivi, dawa ya kupe na kipimo cha damu cha chembe sahani na erlikia, vikionyesha ugonjwa atibiwe kwanza. Ukiwa tayari kumfanyia chagua kliniki inayompima uzito, inayomwekea njia ya dripu kwenye mshipa kabla ya kumlaza, na inayokaa naye mpaka asimame kwa miguu yake mwenyewe. Wakikwambia kipimo cha damu hakina haja kwa sababu anaonekana mzima, mshike kamba muondoke.